Spana Namba Kumi na Mbili

Siku Florian alipoleta gari lake karakanani kwa mara ya kwanza, Othmar alilisikia kabla hajaliona. Lilikuwa linapanda kile kilima cha kutoka stendi ya Mbinga, na kila mara dereva alipokanyaga moto, injini ililia kwa ukali na kwa haraka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Othmar aliweka chini alichokuwa ameshika. Alisikitika kama mtu aliyesikia kikohozi kibaya kwa mtoto wa jirani.

Alikuwa na sikio, huyo bwana, na hata wasiompenda hawakumnyima sifa hiyo. Miaka kumi na minne alitengeneza malori ya chama cha ushirika, akawa anajua kwa mlio tu ni lori lipi linashuka na lina ugonjwa gani. Kisha wakaruhusiwa wanunuzi binafsi wa kahawa. Chama kikayumba, malori yakapandishwa juu ya mawe, na mafundi wakaambiwa waende nyumbani wasubiri barua. Barua haikuja. Othmar akaezeka mabati machache kwenye kiwanja cha Florian, akaanza kutengeneza magari ya watu, na huyo Florian alikuwa mmoja wa hao hao wanunuzi binafsi. Ndiyo dunia hiyo: anayekutoa kwako ndiye anayekukaribisha kwake, na unamwamkia kila asubuhi.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni ya Kijapani, nyeupe, ya petroli, yenye tabo. Mwaka ule kahawa ilipata bei ambayo Wamatengo wa pale hawakuwahi kuiota, na fedha ikawapanda watu kichwani. Wapo walionunua majokofu wakati kijijini kwao hata nguzo ya umeme haijasimama. Florian alinunua mwendo.

"Bosi, injini inagonga," Othmar alimwambia baada ya kulizungusha mjini. "Tabo kazi yake kusukuma hewa ndani kwa nguvu. Petroli ya kwao Wajapani ni bora, inavumilia kubanwa. Hii yetu inakaa kwenye mapipa, ikifika huku imeshachoka. Ikibanwa inalipuka kabla ya saa yake, pistoni bado inapanda. Ni sawa na mtu anapanda ngazi, na kila hatua anapigwa nyundo ya utosi. Siku moja pistoni itatoboka."

"Sasa tufanyeje?"

"Tunarudisha taimingi nyuma, moto uchelewe kidogo. Litapungua nguvu, lakini litaishi."

Akalegeza bolti moja kwa spana namba kumi na mbili, akaizungusha distribyuta, ile inayogawa moto wa plagi, nyuma kidogo kidogo mpaka ule mlio ukafa. Hapo akagonga alama kwa patasi na kumwonyesha Florian: ikikaa hapa, hata ukiweka petroli mbovu namna gani, injini haitadhurika. Florian aliitazama ile alama, akaridhika, akaenda zake.

Wiki moja baadaye alirudi amenuna.

"Gari limekuwa zito, Othmar. Jana kwenye mlima wa Mbuji nimepitwa na lori la mahindi. Lori! Na utingo wake akanipungia mkono." Alizunguka gari mara mbili kabla ya kusema alilolijia. "Wananiambia Songea kuna fundi anayejua haya magari ya tabo."

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Othmar angeweza kumweleza upya, tena kwa upole, kwamba huwezi kupata nguvu zote na uhai wote kwa petroli ile. Lakini lile neno la fundi wa Songea lilimchoma. Akawaza pia mabati yake na kiwanja kilichoyabeba.

"Liache hapa mpaka jioni," alisema. "Nitasafisha tabo. Uzito ni tabo."

Tabo hakuigusa. Alilegeza ile bolti, akaisogeza distribyuta mbele, ikaipita alama ya patasi, ikapita hata pale ilipokuwa siku ya kwanza, kwa sababu gari lilipoanza kuunguruma kwa raha mkono wake mwenyewe ulinogewa. Alipolijaribu alisikia kugonga kwa mbali, kwa chini sana, kitu ambacho asiyekuwa na sikio lake asingekisikia. Jioni alimkabidhi Florian ufunguo na kumwambia limepona kabisa, halitagonga tena na nguvu imerudi. Florian alicheka kama mtoto. Tangu siku hiyo akawa anamsifia fundi wake kila baa ya Mbinga, na kila sifa ilimkaa Othmar tumboni kama ugali mbichi.

Juma lililofuata Florian alishuka ziwani kununua usipa, wale dagaa wa kule, wa kuuza milimani, akataka fundi wake amsindikize. Walishuka asubuhi na mapema, breki zikinuka, mpaka ziwa likaonekana jeupe kwa mawimbi. Upepo ulikuwa umevuma siku mbili na boti zote zilikuwa zimevutwa juu mchangani. Wakaenda mpaka kijiji kimoja mbele ya Mbamba Bay. Florian alishuka na petroli ya kwenda tu, akitegemea kununua kule, lakini pipa la muuzaji lilikuwa kavu; petroli yao huletwa kwa maji, na maji yalikuwa yamekataa.

Walikuwa bado wanapakia magunia ya usipa alipokuja mtu mmoja mbio, shati halina vifungo.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Allen. Mke wangu anakufa."

Mkewe aliitwa Benadetha. Tumbo lilimshika tangu juzi, likavimba, likawa gumu kama ubao, na mganga wa zahanati akasema utumbo umejisokota, apasuliwe leo leo au basi. Allen alikuwa ameandaa boti ampeleke hospitali ya misheni kwa njia ya ziwa, na kwa siku mbili alisimama ufukweni akiyatazama mawimbi. Sasa alikuwa ameona gari.

Florian alikuwa na maringo, lakini roho mbaya hakuwa nayo. Aliteremsha magunia yote kwa mikono yake mwenyewe. "Mleteni, tumpeleke hospitali ya Mbinga. Ila sina petroli ya kupanda mlima."

"Ninayo mimi," alisema Allen. "Lita ishirini, ya boti. Imekaa tayari."

Othmar hakuwepo hapo. Alikuwa amekwenda na wanaume wengine kumbeba mgonjwa kwenye kitanda cha kamba. Kama angekuwepo angeuliza, maana kule ziwani petroli hailali bila kutiwa oili. Mashine za boti hazina oili ya peke yake. Hunywa ile iliyochanganywa na petroli, na ukisahau kuchanganya umeiua mashine. Kwa hiyo mtu akinunua petroli huitia oili hapo hapo, ndani ya dumu, kabla hata ya kulibeba kwenda nyumbani. Kwao petroli ndiyo hiyo. Isiyo na oili wanaiita petroli kavu na kuiogopa kama sumu, na hakuna mvuvi ambaye angempa kavu mtu aliyekuja kumwokoa mkewe. Allen alimimina mpaka tone la mwisho.

Walimlaza Benadetha kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, Ottilia. Allen alijikunja chini, miguuni kwao. Othmar alikaa mbele na Florian. Gari lilipowashwa likatoa moshi wa bluu, na harufu yake Othmar akaijua mara moja.

"Bosi, petroli hii ina oili."

"Litakwenda au halitakwenda?"

Ukweli ulikuwa hivi: ikiwa kwenye alama ya patasi, injini ile ingepanda kwa petroli hiyo, kwa kukohoa na polepole, lakini ingefika. Pale ilipokuwa imesogezwa, kwa petroli iliyolegezwa na oili, na mlima wote ule mbele, ilikuwa kujiua. Spana ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano.

"Litakwenda," alisema Othmar.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Aliyesema hivyo hakuwahi kupanda kutoka ziwani kwenda Mbinga akiwa na mgonjwa kiti cha nyuma. Kwenye tambarare gari lilikimbia vizuri, Ottilia akawa anasali kwa sauti. Mlima ulipoanza, tabo ikavuta, na kokoto zikaanza kulia ndani ya kopo. Othmar alizisikia zikiongezeka kona kwa kona.

"Bosi, punguza moto. Panda polepole."

"Nipunguze na mtu anakufa?"

"Haraka, mzee, tafadhali," Allen alisihi kutoka chini.

Walipita kona ya pili, ya tatu. Sasa hata Florian alikuwa anasikia. "Si ulisema halitagonga tena?" aliuliza, macho kwenye barabara.

"Simama kidogo, bosi."

"Kwa nini?"

Ottilia akapiga ukelele: "Asisimame! Baba, usisimame, mwanangu amepoa mikono!"

Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Angesema: simama, niliisogeza, nilikudanganya, nipe dakika tano niirudishe. Florian angemtukana mbele za watu hawa, angemfukuza kiwanjani kesho, na Mbinga nzima ingejua kwamba sikio la Othmar linauzwa. Aliyaona yote hayo kwa mara moja, akamtazama Benadetha kwenye kioo, akaitazama barabara.

"Basi, endelea," alisema. "Tutaangalia mbele."

Mbele hawakufika mbali. Injini ilipiga kishindo kimoja, nguvu ikakatika, na moshi ukajaa chini ya boneti. Gari likasimama lenyewe katikati ya mlima, mahali pasipo na nyumba.

Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Siku zile barabara ile ingeweza kumaliza nusu siku bila gari. Florian alivua viatu vyake vizuri, akapanda kwa miguu kutafuta msaada. Allen alimpepea mkewe kwa kanga. Kila baada ya muda Benadetha alifumbua macho na kumtafuta Othmar, kwa sababu alisikia akiitwa fundi.

"Fundi, bado sana?"

"Bado kidogo, dada."

Alikuwa ameinama ndani ya boneti. Hakukuwa na cha kutengeneza, pistoni ilikwisha toboka na alijua. Alitoa spana mfukoni, akalegeza bolti, akairudisha distribyuta nyuma mpaka ikagusa alama ya patasi, akakaza. Alijiambia kwamba anajaribu. Kazi aliifanya safi.

Benadetha alifariki saa nane mchana. Ottilia aliendelea kumsemesha muda mrefu baada ya hapo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Lori lililopatikana saa kumi lilikuwa linateremka, na ndilo lililowarudisha wote ziwani pamoja na maiti.

Wakamzika kesho yake. Kama ilivyo desturi, kabla ya kuteremsha jeneza ulisomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, ameacha mume na watoto wawili wa kike, Tadea na Emiliana. Msomaji alikuwa Methodi, mzee wa kanisa, na karatasi aliiandika Allen mwenyewe. Mwisho wa karatasi pakasomwa: "Tulipata gari la msamaria mwema, lakini halikufika, kwa sababu mimi mume wake nililitia petroli ya boti yenye oili, nikaliua njiani." Watu waliguna. Methodi mwenyewe alisita, akarudia kuiangalia karatasi kama aliyeona amekosea mstari. Othmar alikuwa amesimama safu ya tatu, kofia mkononi. Akatazama chini.

Gari lilivutwa mpaka Mbinga. Florian, aliyekuwa hajamtilia fundi wake shaka hata kidogo ila alitaka kujua hasara yake, alimwita yule fundi wa Songea aje atazame. Yule bwana akakagua, akakuta distribyuta ipo sawasawa kwenye alama. "Fundi wako alikuwa mwangalifu," alisema. "Hii imeuawa na mafuta." Wakaitoa pistoni. Ilikuwa na tundu la kupitisha kidole, na juu yake utando mweusi wa oili. Florian alimpiga Othmar begani kwa upendo.

Baada ya majuma matatu habari ikapanda kutoka ziwani kwamba ukoo wa Benadetha umekusudia kuwachukua wale watoto. Walikuwa wanasema mtu asiyeweza kutofautisha petroli na petroli hawezi kuachiwa roho za wasichana wawili. Kungekuwa na kikao, na walikuwa wanaomba fundi aje aeleze alichokiona ndani ya injini. Othmar hakulala usiku ule wala uliofuata. Siku ya kikao Florian aliazima pikapu, wakashuka pamoja, na njia nzima Florian ndiye aliyeongea.

Ziwa siku hiyo lilikuwa shwari. Walikaa uani kwa Allen, wanaume kwenye vigoda, wanawake kwenye mkeka. Ottilia alikuwa amekwisha funga nguo za wajukuu kwenye kitambaa. Allen alikaa peke yake kidogo, amekonda, ndevu zimemjaa.

"Fundi," alisema Methodi, "wewe ndiye uliyeifungua ile injini. Tuambie bila kuficha. Nini kiliiua?"

Othmar alisimama.

"Niliiua mimi," alisema. "Petroli ilikuwa na oili, ni kweli. Lakini injini ile ingepanda hata kwa petroli hiyo. Niliisogeza taimingi kwa sababu bosi alitaka nguvu, nikamdanganya kwamba nimesafisha tabo. Njiani niliisikia inagonga. Nilikuwa na spana. Ningeweza kusimamisha gari nikairudisha. Sikufanya hivyo. Allen hana kosa. Msimnyang'anye watoto."

Aliyejibu alikuwa Florian, tena kwa sauti ya huruma.

"Kaa, Othmar, kaa. Wazee, huyu mtu ana moyo laini, tangu msiba hali, halali. Mimi nimemleta fundi mwingine kutoka Songea. Ameikagua, alama ipo pale pale alipoigonga huyu mbele ya macho yangu. Hakuna kilichosogezwa."

"Niliirudisha mwenyewe," alisema Othmar. "Pale njiani, baada ya injini kufa."

"Ukairudisha kwenye injini iliyokwisha kufa? Ya nini?"

Othmar akatazama chini. Watu wakatazamana kwa upole. Methodi akatikisa kichwa, akasema kumfariji mfiwa ni jambo jema na Mungu ataliona. Ottilia akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Baba, nakushukuru. Nimezika watu wengi, na kila msiba hutokea mwenye utu akasema ni mimi, ni mimi, ili mfiwa apumue. Lakini usimsaidie baba Tadea kwa uongo. Aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, na sote tulisikia. Watoto wanakwenda na mimi."

Kikao kikaisha hapo. Wanawake wakateremka na watoto kwenda ufukweni, ambako boti ya kwa kina Ottilia ilikuwa inasubiri. Allen hakuwafuata. Alimsindikiza Othmar mpaka nyuma ya nyumba, kwa adabu, kama mtu anavyomsindikiza mgeni.

"Asante, fundi. Maneno yale hata ndugu zangu hawakuyasema. Lakini ni mimi niliyemimina. Niliona dumu linakwisha, gari limekunywa yote, nikafurahi. Nilisema moyoni, Benadetha amepona. Watoto wakikua wataambiwa baba yao alitafutiwa mtu wa kubebeshwa kosa lake. Usiyarudie tena."

"Allen, nitazame. Nilisema kweli."

Allen akamtazama. Alimtazama muda mrefu, na polepole uso wake ukabadilika.

"Ulikuwa na spana?"

"Nilikuwa nayo mfukoni."

"Ingechukua muda gani?"

"Dakika tano."

"Sasa kwa nini hukusimama?"

Othmar alitafuta sababu ya kumpa mtu huyu, na hakupata ila moja. "Niliona aibu," alisema.

"Aibu," alisema Allen.

Kule chini mashine ikawashwa. Allen aligeuka, akakimbia, akapita kati ya nyumba, akapita kwenye vichanja vya kuanikia usipa, akaingia ziwani na suruali yake mpaka maji yakamfika kifuani, akiwaita binti zake kwa majina, na kumwita Ottilia, mama, mama, subiri, amesema kweli. Boti ilikuwa imeshaupa ufukwe mgongo. Emiliana alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alimwona baba yake anapunga mikono majini, akadhani anawaaga, naye akapunga.